Mama Mapazia na Mlango wa Maua

Wifi yangu akiingia nyumbani kwa mtu hutazama ukuta kwanza. Wengine hutazama watoto, hutazama viti, hunyoosha shingo wajue jikoni kuna nini. Yeye hutazama ukuta, kisha dari, na wewe mwenye nyumba unaanza kuona haya kwa nyufa ulizoishi nazo miaka yote bila kuzijali. Watu wanamwita Mama Mapazia, na jina lenyewe analipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa mke wa kaka yangu. Kaka alipofariki alimwachia binti mmoja, cherehani moja na mama yetu. Nilimwambia mama ahamie kwangu, nyumba ya pili tu kutoka pale, akakataa katakata. "Mimi nimeshamzoea mkwe wangu," alisema. "Wewe una kelele." Ni kweli nina kelele. Mimi ni msusi, kutwa nzima nasimama nyuma ya vichwa vya watu na kuongea, na jioni mdomo haujui kwamba kazi imekwisha. Basi mama akabaki kwa mkwe wake, na wale wawili wakapendana mpaka nikawa naona wivu. Wifi alikuwa akimchemshia maji ya kuoga asubuhi na jioni, anayajaribu kwa kiwiko, anamsugua mgongo huku wakisengenya majirani. Mimi binti wa kuzaa nikienda kutoa msaada naambiwa nina mikono mizito.

Alianza kwa kushona mapazia ya nyumba za watu, ndipo akaingia kwenye kumbi za harusi. Kazi ya kupamba ukumbi, kwa jicho langu mimi, ni kazi ya kuficha. Mteja analipia asione nguzo iliyochubuka, asione feni bovu, asione dirisha lililozibwa kwa bati. Wifi alikuwa na vitambaa vya kufunika yote hayo, toka dari hadi sakafuni, na mkono wake wa kubana pini ulikuwa mwepesi ajabu. Siku moja alimfunika fundi wa umeme aliyekuwa ameinama nyuma ya jukwaa. Yule bwana alipomaliza kazi yake akageuka, akakuta kitambaa cheupe kila upande, ikabidi atambae chini kama mtoto mchanga ili atoke. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma, na wifi akasema kama fundi mwenyewe hakuona, basi kazi ni safi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimkera, nacho ni zile taa za kijani. Mnazijua, hata kama hamjawahi kuzitazama: zimebandikwa juu ya mlango wa dharura, zina picha ya mtu anayekimbia na mshale. Hazina swichi ukutani. Zinawaka mchana, zinawaka usiku, umeme ukikatika zinawaka kwa betri yake. Wapiga picha walikuwa wakimlalamikia kila harusi. Shela nyeupe inatoka na rangi ya mchicha, bibi harusi anaonekana mgonjwa, na lawama zinamwangukia mpambaji. Wifi akakaa kwenye cherehani yake akashona vifuko vya kitambaa cheusi kizito, vyenye mpira mdomoni, saizi ya taa ile ile. Akaviita kofia. Ukumbi wenye taa mbili, kofia mbili. Anapanda ngazi, anaivisha taa kofia, anateremsha kitambaa cheupe juu yake, na mlango wenyewe nao unapotea nyuma ya kitambaa. Wenye kumbi walikuwa wakiona, wanasema mama umetisha, ukumbi umekuwa kama mawingu. Hakuna aliyeuliza mlango uko wapi. Wapambaji wenzake wakaja kuazima kipimo cha kofia, nao wakashona zao.

Kisha binti yake akaposwa.

Kwa harusi ya mtoto wake wa pekee, wifi hakulala vizuri mwezi mzima. Aliamua kutengeneza mlango wa maua. Lilikuwa tao refu kuliko mtu, la chuma kilichozungushiwa maua, limesimama mbele ya ukuta mtupu nyuma ya viti vya maharusi. Katikati ya tao aliweka pazia jepesi, na nyuma ya pazia akapanga taa ndogo ndogo za betri, alizotaka ziwe za betri ili nyaya zisionekane. Ukisimama katikati ya ukumbi ukatazama, unaapa kwamba kuna bustani upande wa pili na jua linachomoza. Mimi mwenyewe niliyemsaidia kubeba maua nilitaka kupita pale. Nilipogusa pazia, vidole vyangu vikakutana na ukuta wa baridi, na wifi akanicheka.

Mama tulimkalisha kiti cha heshima kando ya tao, ili kila picha ya wajukuu imtoe na yeye. Alivaa vizuri, alikuwa anatabasamu na kila mtu, na kila aliyekuja kumsalimia alimwambia, "Haya yote kayafanya mkwe wangu."

Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali nje, lakini ndani ungedhani ni usiku kwa sababu madirisha yote yalikuwa yamefunikwa. Wifi alikuwa ametoka nyuma ya ukumbi, kwenye gari la mizigo, akachukue mashada ya akiba na, kama nijuavyo, akalie kidogo peke yake kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya bibi harusi, napachika pini ya nywele iliyochomoka.

Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua.

Mpiga muziki alikuwa amechomeka vyombo vyake vyote kwenye waya mmoja wa kuunganishia, karibu na mlango mkubwa, na ule waya ulikuwa umelala juu ya pindo la kitambaa. Kitambaa kikashika. Sikuwahi kujua kwamba kitambaa cheupe cha harusi hushika moto haraka namna ile. Moto ulikimbia kwenda juu ukutani, muziki ukakatika, taa zote za ukumbi zikazimika isipokuwa zile za betri kwenye tao, na moshi mweusi ukashuka kutoka darini. Waliokaa karibu na mlango mkubwa walitoka. Sisi wengine wote tulibaki upande wa pili, moto ukiwa kati yetu na mlango tulioingilia.

Sasa fikirini mtu yuko gizani, moshi unamuingia puani, hajui ukumbi ule, na mbele yake kuna mlango mzuri unaong'aa. Atakwenda wapi? Watu walikimbilia mlango wa maua. Niliwaona, na mpaka leo nikifumba macho nawaona. Wanaume wenye suti, akina mama wenye watoto mgongoni, wote wanakimbilia lile tao, wa kwanza wanalivuka pazia wakitegemea nje, wanagonga ukuta. Walio nyuma hawakujua kwamba wa mbele wamegonga ukuta. Wakaendelea kusukuma. Nikasikia chuma cha tao kinapinda. Nikasikia sauti ya mama yangu ikiita jina langu, mara moja tu, kisha sikuisikia tena.

Nilimshika bibi harusi mkono, na sote wawili tulikuwa tumebanwa pembeni, hatuwezi kwenda mbele wala kurudi. Nilijua mama yuko pale chini, hatua chache tu kutoka kwangu, na sikuweza hata kunyoosha mkono. Nilitukana. Niliwatukana watu wa watu kwa matusi ambayo sikujua kwamba ninayo.

Hapo ukuta wa upande wa kulia ukaanza kupiga kelele. Dum, dum, dum, kama kitu kinachotaka kulipuka. Watu waliokuwa upande ule wakaogopa, wakaukimbia ukuta, wakaja kutubana zaidi. Mmoja akapaza sauti kwamba ni mtungi wa gesi. Na mimi, Mungu anisamehe, niliamini.

Hakukuwa na mtungi wowote. Alikuwa ni wifi yangu, yuko nje, anaupiga mlango wa dharura kwa spana ya gari. Aliuona moshi, akajua mlango uko wapi, maana ni yeye aliyeufunika. Lakini mlango wa namna ile hauna kitasa kwa nje. Unafunguka kwa ndani tu, kwa kusukuma chuma kilicholala katikati yake. Ndani kulikuwa na watu zaidi ya mia, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nyuma ya kitambaa kile kuna mlango. Aliupiga, na kila alivyoupiga alitufukuza mbali nao.

Kilichotuokoa ni sauti yake. Alianza kumwita binti yake kwa jina la utotoni, lile ambalo hakuna mtu mwingine anayelitumia. Binti akanikaza mkono. "Shangazi, huyo ni mama. Mama yuko ndani ya ukuta." Nilidhani moshi umemharibia akili. Akajivuta kutoka kwangu, akapita chini ya mikono ya watu na shela yake ikabaki huko huko, akafika ukutani akaanza kukikwangua kitambaa kwa kucha. Hakikukatika. Wifi huwa anashona mishono miwili na kubana pini kila upana wa kiganja, ili kazi isije ikaanguka mbele ya wageni, na tulipigana na kazi yake nzuri kwa muda niliouona kama mwaka. Mwishowe kijana mmoja mhudumu alijitundika juu ya kitambaa kwa uzito wake wote, kikang'oka, na chuma cha mlango kikaonekana. Binti akakisukuma kwa kifua. Mlango ukafunguka, na mchana ukaingia.

Wifi alikuwa amesimama pale na spana mkononi. Hakumkumbatia mtoto wake. Alimpita, akatupita sote, akaingia kwenye moshi, na aliporudi yeye na yule mhudumu walikuwa wamembeba mama yangu juu ya ubao wa meza. Mguu wa kulia wa mama ulikuwa umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

Hakuna aliyekufa. Watu hulisema hilo haraka, kama vile wanafunga mjadala. Mbavu zilivunjika, mikono ilivunjika, mtoto mmoja alilala hospitali wiki mbili, na nyonga ya mama yangu ilisagika. Lakini hakuna aliyekufa.

Zimamoto walipomaliza kumwaga maji, ofisa wao aliingia na tochi, nasi tuliokuwa na ndugu majeruhi tukasimama mlangoni kutafuta viatu na mikoba. Mama alikuwa ameshapelekwa hospitali. Ofisa alimulika juu ya mlango wa dharura, akaona kitu cheusi kimening'inia. Akanyoosha mkono, akakivuta kwa kidole kimoja. Kofia ikatoka, na chini yake taa ya kijani ilikuwa inawaka. Ilikuwa imewaka muda wote. Sisi tunakanyagana gizani, yule mtu wa kijani alikuwa anakimbia ndani ya mfuko akituonyesha mshale.

"Hiki ni cha nani?" ofisa aliuliza.

Niligeuka nikamtazama wifi. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Sikuwa nimeunganisha mambo mpaka pale, na nadhani hata yeye, katika mbio zote zile, hakuwa ameunganisha.

"Changu," alisema.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kituo cha zimamoto na mfuko wa kofia zote alizowahi kushona. Nilimsindikiza. Ofisa hakumfokea, na nilitamani amfokee. Alimwandikia onyo, akatueleza taratibu kama mwalimu wa chekechea: taa ya kutokea ionekane kutoka popote mtu alipokaa, isifunikwe wala isizimwe, mlango wake usizuiwe na kitu chochote, vitambaa viwe vya aina isiyoshika moto ovyo. "Na kitu ambacho siyo mlango," akamaliza, "msikifanye kifanane na mlango." Wifi aliitikia kila neno kwa kichwa. Njiani kurudi alitapika mara mbili kando ya barabara.

Huku nyuma mtaa mzima ulikuwa umeshamtangaza shujaa. Habari zilizozunguka ni kwamba Mama Mapazia kavunja mlango kwa spana, kaingia motoni, kamtoa mama mkwe wake. Ukiacha kuvunja mlango, yote hayo ni kweli. Mama alirudi kutoka hospitali na vyuma mguuni, kitanda chake kikawekwa sebuleni, na kila mgeni aliyeingia alisimuliwa upya. "Binti yangu wa kuzaa alikuwa ndani, hakunifikia," anasema akinioneshea kidole. "Mkwe wangu alikuwa nje, akaja." Wifi anatazama ukuta.

"Mwambie," nilimwambia jikoni, nikiwa nimekaza meno. "Mwambie kabla hajaambiwa na mwingine."

"Akipata nafuu kidogo, wifi. Hapo tu."

"Nafuu ipi? Daktari kasema hatembei tena."

Alikuwa anajaribu maji kwa kiwiko.

Nilikuwa na hasira naye, na bado nilimwonea huruma, na hayo mawili yalikaa ndani yangu yakigombana kama wake wenza. Aliacha kazi ya kumbi. Akarudi kushona mapazia ya madirisha. Alimwosha mama, alimgeuza, alimlisha, na kila sifa ya mama ilimkondesha.

Siku moja ya Jumapili, tukiwa wote sebuleni, akaja dada wa bwana harusi wetu. Ni msichana mzuri, mchangamfu, alikuwa ukumbini siku ile. Alitoka kwa ule mlango, nilimwona kwa macho yangu, anatambaa na kiatu kimoja. Alimwamkia mama, akamuuliza hali ya mguu, akampa matunda, akakaa. Kisha akatoa simu yake akaanza kumwonyesha wifi picha za kumbi.

"Mama, nami nafunga ndoa mwezi ujao. Sitaki mpambaji mwingine, nakutaka wewe."

"Siku hizi sipambi, mwanangu."

"Kwangu utapamba, mimi ni mtoto wako." Akacheka, akavuta kiti karibu. "Ukumbi nimeshapata. Mzuri, ila una ile taa ya kijani, tena kubwa, juu kabisa ya pale tutakapokaa. Picha zote zitaharibika. Utaniwekea zile kofia zako?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anasubiri jibu, kidole kikiwa juu ya picha, kama mtu anayechagua rangi ya gauni. Mtu huyu alikuwa amelala kifudifudi kwenye moshi ule ule, miezi michache tu imepita, na hapa mbele yake kuna kikongwe mwenye vyuma mguuni.

"Sifuniki taa tena," wifi alisema.

"Basi saa ya picha tu, mama. Tukimaliza unaitoa."

"Nimesema sifuniki."

"Taa gani hiyo?" mama aliuliza kutoka kitandani.

Yule msichana akafungua mdomo kueleza, kwa wema kabisa, na mimi nikamkanyaga mguu. Lakini mama hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anamwangalia mkwe wake, na wifi alikuwa ameshateremka kutoka kwenye kiti, amepiga magoti kando ya kitanda.

Alimwambia yote. Kofia, kitambaa, mlango, tao, tena bila kujitetea hata kidogo. Alimwambia kwamba taa ilikuwa inawaka. Alimwambia kwamba alipokuwa anapiga mlango, ndivyo alivyokuwa anawasukumia watu juu yake. Yule msichana alianza kulia, na nilifurahi kumwona analia.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa umepigwa na kitu ambacho hata siku ya moto sikukiona. Kisha akamwita yule msichana kwa mkono. "Njoo ushike hapa," akasema, akamwekea kiganja juu ya nyonga yake, juu ya shuka, pale chuma kinapojitokeza. Akamshikilia pale muda mrefu. Alipomwachia, msichana alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Jioni, saa ya kuoga, wifi alikuja na beseni kama kawaida, taulo begani. Mama aligeuzia uso ukutani. "Leo ataniogesha binti yangu," alisema.

Niliyachukua yale maji mikononi mwa wifi. Hakuangalia juu. Nilifunga mlango, yeye akabaki upande wa pili, na nilimsikia akikaa chini pale pale sakafuni. Nilimwogesha mama yangu kwa mikono yangu mizito. Nilimgeuza vibaya, akagumia. Nilisugua mahali ambapo hapakutakiwa kusuguliwa. Alilia kimya kimya, machozi yakichanganyika na sabuni, nami sikujua analilia maumivu au analilia nini, na mimi mwenye kelele nikaendelea kusugua tu.

Tukiwa nusu ya kazi, akanishika mkono kunizuia.

"Maji yamepoa," alisema. "Mwambie huyo hapo nje alete mengine. Yeye ndiye anayejua kipimo changu."